Ngowa Alivyotekwa Msibani

Sikio la kushoto la Ngowa wa Tinga lilianza kuvuja kabla hajang'oka meno ya utoto, na watu wa Bofu, huko Likoni, walilizoea kama wanavyozoea mtaro wa jirani: unanuka, ndiyo, lakini ni wa jirani, utafanyaje? Mama yake alilitilia maziwa ya mwanamke anayenyonyesha. Likayanywa. Akalitilia mafuta ya nazi ya vuguvugu, maji ya kivumbasi, na siku moja, kwa ushauri wa mtu ambaye jina lake lilisahauliwa kwa makusudi, mkojo wa ndama. Sikio lilipokea yote bila ubaguzi, likaendelea kutoa lilichotaka lenyewe.

Mwisho bibi yake akakata shauri. "Sikio la usaha halizibwi," alisema. "Uchafu ukinyimwa mlango wa nje, hupanda bongoni. Acheni limwage."

Basi likaachwa limwage, miaka nenda miaka rudi, mpaka Ngowa akaota mvi. Ni ajabu ya dunia hii. Mambo ya wazee yaliyokuwa dhahabu yalitupwa jalalani: kusalimia kwa heshima, kula sinia moja, kukaa matanga mpaka machozi yakauke. Neno la bibi juu ya usaha, ambalo ndilo pekee lililostahili kutupwa, ndilo lililotunzwa.

Ngowa alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mtu mzima. Likoni nzima ililala chini ya makuti, ukiingia ndani saa saba ya mchana unasikia baridi ya mtungi. Siku hizi watu wanaezeka mabati, wanakaangwa ndani kama dagaa, na wanajisifu wamestaarabika. Kazi iliyombakia Ngowa ilikuwa ya mahoteli na mabaa, ambako mwenye mali huezeka mabati kwanza, kisha akamwita Ngowa aweke makuti juu yake ili wageni wadhani wako Afrika. Ngowa aliifanya, kwa kuwa tumbo halina utamaduni.

Lakini sifa yake haikuwa kwenye mapaa. Sifa yake ilikuwa utani.

Mbari ya kina Ngowa na mbari ya kina Nyevu walikuwa watani tangu mababu, na utani wao haukuwa mzaha wa vijana wa kutukanana kwenye simu. Ulikuwa sheria. Wakifiwa hawa, wale wanakuja kuwachekesha. Watamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikopa sukari. Watalala kwenye mkeka wa waliofiwa na kudai chai. Watanyakua mbuzi, kiti, sufuria, chochote cha wenye msiba, na hakirudi mpaka kikombolewe. Na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayemkasirikia mtani wake amejivua nguo sokoni. Sheria moja ilikuwa juu ya zote: mtani hatanii msiba wa kwao. Ukifiwa wewe, unakaa mkekani na kulia kama binadamu wengine, na kuchekesha unawaachia wenzako.

Mtani mkuu wa upande wa pili alikuwa Nyevu mwenyewe, mjane mpana mwenye sauti ya king'ora, aliyekaanga viazi karai kwenye njia panda ya kwenda kanisani. Kila asubuhi Ngowa alipopita na ngazi yake begani, Nyevu alimpokea kwa mbali.

"Ngowa, sikio lako limefika. Wewe uko wapi?"

"Naja, mtani. Nilikuwa nafuata harufu ya mafuta yako ya mwaka juzi."

"Afadhali mafuta yangu. Paka wangapi wanakufuata leo?"

"Wote wametoka kwako. Wamesema viazi hawali, wana familia."

Hapo ndipo siku ilipoanza rasmi, na wote wawili wakaenda kazini wakiwa na afya.

Mambo yaliharibika kwenye msiba wa Kahindi, mjomba wa Nyevu. Safari hii mbari ya Ngowa ndiyo iliyokuwa na zamu ya kutania, na Ngowa alijitayarisha vizuri. Alivaa koti lililofanana na la marehemu, akafunga mto tumboni, akachukua mkongojo. Tatizo ni kwamba wenye msiba walikuwa wamekodi pia kijana mmoja, Dancun, aje kuwa msemaji kwa maikrofoni. Hayo ndiyo matanga ya leo. Tenti, fulana zenye picha ya maiti, na kijana aliyenyoa upande mmoja wa kichwa anayewaambia wafiwa "tujipe shangwe". Dancun alileta spika mbili kama makabati ya nguo, akazipanga pembeni, akafungulia mdundo.

Ngowa alikuwa katikati ya uwanja, akimwigiza Kahindi anavyokataa kulipa nauli, mdundo ulipompiga ubavuni mwa kichwa. Ardhi ikageuka. Haikutikisika, iligeuka hasa, kama chapati kwenye chuma. Akashika mwimo wa tenti. Mwimo ukang'oka. Tenti ikaishukia kwaya ya kina mama, na Ngowa akaenda mrama, hatua moja mbele na tatu pembeni, mpaka akaketi kitako ndani ya sinia la wali wa wazee.

Watu walicheka mpaka mjane wa Kahindi akaomba maji.

"Leo umejipita, mtani!" alipiga kelele Nyevu, huku akijifuta machozi kwa ncha ya leso. "Wallahi leo umejipita!"

"Nyevu," alisema Ngowa, mkono umeshika ukingo wa sinia kama nahodha, "dunia inazunguka."

"Na izunguke tena!"

Dancun, ambaye hakuwahi kusikia habari ya mipaka, akarudia mdundo uleule. Dunia ikazunguka tena kwa utiifu. Ngowa akaanguka kwa mara ya pili, safari hii juu ya kitoweo. Mtu akapiga video, na kufikia jioni watoto wa Likoni yote walikuwa wanaanguka kama Ngowa.

Tangu hapo aliishi na siri ambayo hakuna aliyetaka kuiamini. Akitia pamba sikioni, dunia inageuka. Akijikuna sikio, inageuka. Lori likipiga honi, inageuka. Siku moja, juu ya paa la baa, muziki wa majaribio ulifunguliwa chini yake, naye akajikuta ananing'inia kwenye kombamoyo, ule mti wa paa, kama popo, miguu inatafuta ngazi iliyokuwa palepale.

"Nisaidieni! Naumwa!" alipaza sauti.

Mwenye baa alikuja na wateja wake. Wakamtazama, wakapiga makofi. "Huyu ndiye yule wa sinia la wali," mwenye baa aliwaeleza. "Msimguse, ataharibu."

Ukiwa na jina la kuchekesha, hata kifo chako kitadaiwa kirudiwe.

Kisha likaja lile la uso. Asubuhi moja mkewe, Agneta, alimpa chai. Ngowa akanywa, na chai ikatoka upande wa kushoto wa mdomo na kumwagikia shati. Akajaribu kufuta aibu kwa tabasamu. Tabasamu likaenda kulia peke yake, upande wa kushoto ukabaki nyuma umelala.

"Ngowa," alisema Agneta, akiweka birika chini polepole, "unanikejeli?"

"Sikukejeli."

"Mbona unanikonyeza?"

Kwa hakika hakukonyeza. Jicho la kushoto lilikuwa limegoma kufumba, na la kulia lilipopepesa, kama jicho lolote la haki, ilionekana ni konyezo la mtu mwenye mpango. Jumapili ile alimkonyeza mchungaji mahubiri yote. Akamkonyeza mwenyekiti wa kina mama, ambaye alihama benchi kwanza, kisha akarudi karibu kidogo kuliko alipokuwa. Nje ya kanisa vijana wakamwuliza uso mpya ameutoa wapi, na kama ataufanya pia kwenye harusi.

"Naumwa," alisema Ngowa, maneno yakimtoka yamelowa.

"Aaah, mzee wetu! Hebu sema tena hivyohivyo!"

Akaacha kusema. Nyuma ya sikio mfupa ulikuwa umeanza kuvimba na kuuma kwa ndani, maumivu ya kuchimba, kama kuna mtu anaishi humo na anaongeza chumba. Hospitali hakutaka kwenda. Madaktari wangekausha usaha, na bibi alikwisha kusema usaha ukikaushwa unakwenda wapi.

Ndipo akafariki shangazi Mweri, dada wa baba yake, aliyemlea Ngowa tangu mama yake alipoondoka duniani. Huyu hakuwa marehemu wa kuigizwa. Huyu alikuwa wake. Ngowa alikaa kwenye mkeka wa wafiwa karibu na jeneza, akajifunika shuka mabegani, na alipowaza mikono iliyokuwa ikimwogesha utotoni, akalia kweli.

Lakini alilia upande mmoja. Jicho la kulia lilikunjamana na kumwaga machozi, la kushoto likabaki wazi linatazama mbali kama la samaki wa barafuni. Na mdomo ulipotaka kukunjamana kwa uchungu ulivutwa wote kulia na juu, ukafika karibu na sikio zima, ukasimama huko. Yeyote aliyemtazama aliona mtu anayecheka kwa furaha isiyo na adabu mbele ya maiti.

Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamfinya, kisha akacheka yeye. Kicheko kikatambaa mkeka mzima.

Kazungu, mtoto wa baba yake mkubwa na mwenye msiba, akaja juu. "Ngowa! Unamcheka shangazi yako?"

"Nalia, kaka."

"Tazama! Tazama anavyoendelea! Msiba wa kwenu wenyewe, huna haya?"

"Nalia," alisema Ngowa, na kadiri alivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kukenua.

Dancun alikuwepo na spika zake, kwa maana siku hizi mtu hazikwi bila Dancun. "Wapendwa waombolezaji," alinguruma, "mchekeshaji wetu ameanza kazi mapema! Mpe mdundo!" Mdundo ukapigwa. Ngowa akapinduka na kulilalia jeneza la shangazi yake, akalikumbatia ili asizidi kuanguka, na uwanja ukalipuka. Kazungu akawaita vijana wamtoe nje.

Wakati huohuo Nyevu alikuwa anaingia na watani wenzake. Alivaa suruali ya mumewe marehemu, upawa mkononi, masizi usoni, tayari kumwigiza shangazi Mweri anavyogombana na kuku. Aliona watu wanacheka kabla hajafanya lolote, na hilo lilimuudhi kikazi. Akamwona Ngowa juu ya jeneza. Akasimama.

"Nani kamruhusu kutania?" aliuliza.

"Amejiruhusu mwenyewe," Kazungu alisema. "Hana akili."

"Kazungu, baba, hebu nijibu. Huu msiba ni wa mbari gani?"

"Yetu."

"Na mtani hapa ni nani?"

"Wewe."

"Basi huyu hatanii," Nyevu alisema. Sauti ya king'ora ilikuwa imemtoka, na waliomjua walishtuka. "Ngowa anaweza kukosa akili, anaweza kukosa sabuni, lakini hajawahi kukosa sheria. Hawezi kuchekesha msiba wa kwao, hata umpe ng'ombe. Huyu analia. Kama kilio chenyewe ndicho hiki, ana ugonjwa."

Watu wakatazamana. Vijana hawakuijua sheria hiyo, hakuna aliyewafundisha, walidhani utani ni kuchekesha tu popote penye watu. Wazee walioijua waliona aibu kwamba wameisahau. Aibu ya mzee huchelewa, lakini ikifika inakaa.

Nyevu akapiga magoti. Akamshika Ngowa kichwa, akanusa kwa ujasiri, akabonyeza kwa kidole gumba ile nyama ndogo iliyo mlangoni pa sikio. Macho ya Ngowa, yote mawili kwa pamoja, yakaanza kwenda pembeni na kurudi, pembeni na kurudi, kama mtu anayesoma kitabu kwa pupa. Akatapika juu ya viatu vya Kazungu.

"Nilikuambia dunia inazunguka," alisema kwa unyonge.

"Uliniambia," alisema Nyevu. "Nami nikakuambia izunguke tena. Mungu anisamehe." Akabonyeza mara ya pili, kidogo tu, ahakikishe. Viatu vya Kazungu vikapata fungu la pili.

Ndipo Nyevu aliposimama, akainua upawa juu, na king'ora kikarudi chote.

"Nimeteka! Kwa haki ya utani nimeteka mali ya msiba huu! Sitaki mbuzi, sitaki sufuria! Nimemteka Ngowa wa Tinga, na anayemtaka aje amkomboe!"

"Huwezi kuteka mtu!" alisema Kazungu.

"Ni wa mbari yenu au si wa mbari yenu?"

"Ni wetu."

"Basi ni mali yenu. Nimeichukua. Umekasirika?"

Kazungu alifungua mdomo, akakumbuka wapo watu, akaufunga. "Sijakasirika," alisema, akitazama viatu.

Walimfunga Ngowa kwa leso mbili juu ya mkokoteni wa muuza maji, katikati ya mitungi, wakaondoka naye. Watani waliimba mbele. Mbari ya Ngowa wakafuata nyuma kwa sababu mateka hakombolewi kwa mbali. Mchungaji akauliza itakuwaje na mazishi.

"Shangazi Mweri hana haraka," Nyevu alimjibu bila kugeuka. "Yeye ameshafika."

Kwa hiyo Dancun alibaki peke yake na spika zake na marehemu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akazima maikrofoni.

Daktari wa zamu hospitalini alikuwa Absalom, kijana wa bara, mpole, aliyeongea Kiswahili kama mtu anayetembea kwenye matope na viatu vipya. Aliwatazama: mwanamke wa masizi na suruali, mzee aliyefungwa leso, na nusu ya Bofu mlangoni.

"Nani ni mtu wa mgonjwa?"

"Mimi," alisema Nyevu.

"Wewe ni bibi yake?"

"Mungu apishe mbali! Mkewe ni huyo. Mimi ni mtani. Nimemteka."

Absalom alifikiri kidogo, akaamua kuanza na sikio. Akachungulia kwa taa, akavuta usaha kwa mrija, akachungulia tena. Akabonyeza mfupa nyuma ya sikio, Ngowa akapiga ukelele. Akamwambia akunje paji la uso, afumbe macho, aoneshe meno. Upande mmoja ulitii. Tabasamu la daktari likaondoka polepole.

"Mzee, hii sikio imetoa uchafu toka lini?"

"Tangu utoto."

"Na hakuna mtu aliona daktari?"

"Bibi alikataza. Alisema ukikauka unapanda bongoni."

"Sasa hapo ndipo iko shida," alisema Absalom, akavuta kiti. "Haijakauka, na inapanda."

Akawaeleza taratibu. Sikio likioza muda mrefu, alisema, ngozi ya nje huingia ndani kupitia tundu la kiwambo, ikaota mahali pasipo pake. Inajikusanya kama uvimbe mweupe, na uvimbe huo unakula mfupa. Kwanza unakula vifupa vidogo vya kusikilizia. Kisha unaingia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ambao ndani una matundumatundu kama mkate wa mofa. Humo mna mfereji wa kupimia mwili usianguke. Ukitobolewa, mtu akiguswa sikio au akisikia kelele kubwa, anaona dunia inageuka. Mna pia njia ya neva ya uso. Ukuta wake ukiliwa, uso unalala.

"Na juu yake?" aliuliza Agneta.

"Juu kuna dari nyembamba ya mfupa, mama. Kama ganda la yai. Halafu ni ubongo."

Ngowa alikuwa ameelewa. Miaka yote alikuwa amepanda mapaa ya watu, akagonga boriti kwa nyundo, akasikia ile sauti ya uwazi ya mti ulioliwa na mchwa kwa ndani huku rangi ya nje inang'aa. "Mimi ndiye boriti," alisema.

Absalom akasema lazima apelekwe hospitali kubwa ng'ambo ya kivuko, apigwe picha ya kichwa, afanyiwe upasuaji upesi. Watachimba mfupa uliooza na kuutoa.

"Sitaki," alisema Ngowa.

"Mzee—"

"Hakuna anayenichimba kichwa. Afadhali ning'inie na popo. Agneta, nifungue."

Agneta alilia, akabembeleza. Kazungu akamwita ndugu yangu, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu ugomvi wa shamba. Mchungaji akaomba. Ngowa alitikisa kichwa, akaona kizunguzungu, akaacha kutikisa, akaendelea kukataa kwa mdomo. Alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, na daktari hakuwa na nguvu ya kumlazimisha.

Nyevu akajongea kitandani.

"Ngowa. Mimi nimekuteka au sikukuteka?"

"Umeniteka."

"Umekombolewa?"

"Bado."

"Basi wewe u wa nani?"

Ngowa akageukia ukuta.

"Nauliza, baba. Mwaka ule ulipoteka jiko langu msibani kwa mama, nikalala njaa, nilisema neno?"

"Hukusema."

"Ulipomteka jogoo wangu ukamla kabla sijamkomboa?"

"Yule alikuwa mgumu."

"Nilikasirika?"

"Hukukasirika, mtani."

"Basi jiko halikatai linakopelekwa. Mateka hana mdomo. Na wa kwako wenyewe umebaki nusu."

Kicheko kilitoka mlangoni, lakini hakikuwa kile cha uwanjani. Ngowa aliwatazama watu wake wote. Alijua kwamba akisema hapana sasa, utani wa mbari mbili umekufa hapa, mkononi mwake, mbele ya mashahidi. Na yamebaki mambo gani mengine ya kufa? Akamkonyeza Nyevu, bila kutaka.

"Nipeleke basi," alisema. "Lakini ujue nitakuwa mateka mlafi."

Shangazi Mweri akazikwa jioni, bila maikrofoni, na watu walilia vizuri.

Ng'ambo wakampiga picha, wakamlaza usingizi, wakafungua nyuma ya sikio. Daktari wa upasuaji alisema mfupa ulikuwa umeliwa kama mkate uliosahauliwa kabatini. Dari ya ubongo, mahali pamoja, ilikuwa imeshatoboka, ikabaki ngozi tupu. Kuchelewa zaidi kungekuwa mazishi. Kusikia kwa sikio hilo hakutarudi, vifupa havipo. Neva ya uso waliikuta iko uchi, imevimba, lakini haijakatika.

"Uso utarudi?" Agneta aliuliza.

"Unaweza kurudi. Unaweza usirudi. Tutangoja."

Wakangoja. Ngowa alitoka na kilemba cha bendeji, sikio kavu na bongo lake liko salama, jambo ambalo bibi yake angelipinga mpaka mwisho. Lakini hakurudi kwake kama mtu huru. Hakuwa amekombolewa. Alilala nyumbani kwa hisani tu, na kila asubuhi mkewe alimkabidhi kwa Nyevu kwenye njia panda, naye Ngowa akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya karai, amenyimwa mapaa na daktari, akimenya viazi vya adui. Uso ulikuwa bado umelala. Wateja walimzoea. Nyevu alimtukana asubuhi na jioni, kwa upande unaosikia, huku macho yake yakipita kila mara kwenye shavu lile la kushoto na kukuta halijasogea. Wiki zikapita hivyo. Agneta akaanza kuzoea kumfuta mdomo bila kutazama, na hilo lilimuuma Ngowa kuliko kisu cha daktari.

Mbari ilikuja kumkomboa mara ya kwanza na kreti ya soda. Nyevu aliwarudisha na soda yao. "Mtu anakombolewa kwa mapovu?" Mara ya pili wakaleta keki. Hakuna aliyejua nani aliwashauri. Mara ya tatu Kazungu alikuja mwenyewe, kwapani ana kuku mmoja.

"Shikamoo, mtani. Tumekuja kumchukua mtu wetu."

"Marahaba. Na huyo nani?"

"Kuku."

"Naona kuku. Mkia wake uko wapi?"

"Hakuzaliwa nao."

Ngowa aliweka kisu chini. "Kuku mmoja?" alisema. "Asiye na mkia? Kazungu, mimi? Mimi niliyeezeka nyumba ya baba yako mpaka mvua ikatafuta nyumba nyingine?"

Alipofoka hivyo, pembe ya kushoto ya mdomo wake ilitetemeka. Kidogo sana, kama kitu kilichoguswa na unyoya. Agneta aliiona, akashika mdomo wake kwa viganja viwili. Nyevu aliiona, na kiazi kikaungua.

"Samahani, ndugu yangu," alisema Kazungu aliyekuwa hajaona kitu. "Nitaongeza. Tufanye kuku wawili."

"Usiongeze!" alisema Nyevu.

"Nini?"

"Punguza. Mtazame usoni, Kazungu, na upunguze."

Kazungu akamtazama Ngowa usoni. Ilimchukua muda, kwa kuwa hakuwa mwepesi, lakini alifika. Akakohoa, akamweka kuku chini.

"Nimefikiria tena," alisema. "Nusu kuku."

"Nusu!" Ngowa aliruka kutoka kitini, viazi vikabiringika barabarani. "Nusu, mbwa wewe! Nusu ipi?" Na shavu likapanda, zito, limechelewa, kama mlango wa zamani uliovimba kwa mvua, lakini likapanda.

"Robo," alisema Agneta, huku machozi yakimtiririka.